Chombo

Msimamizi wangu kaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu:
"Chombo gani? Fafanua."

Mimi nilikuwa Newala, mwezi wa kumi,
benchi la tatu katika banda la video la Dadi Likwata,
daftari magotini,
nahesabu dakika za bunilizi ya kisayansi.

Kwenye skrini watu wa suti nyeupe wanashuka sayari nyekundu.
Sauti zao zimezimwa. Anayesema ni Dadi,
maikrofoni kaizungushia plasta ya kidonda,
na nahodha wa chombo, anatuambia,
ameoa Kitangari,
kaja kutafuta maji, na mahari bado hajamaliza.

Banda zima likacheka.
"Dakika ya kumi na nne," niliandika. "Mfasiri anapotoka."
Nikafuta. Nikaandika "anaongeza."
Nikafuta na hiyo.

Nadharia inasema tafuta kitu kipya,
kitu kisichokuwepo katika dunia ya msomaji,
ambacho kikiingia, dunia nzima inapinda ili kukipisha.
Niliisoma Dar es Salaam chini ya feni, ikanikaa vizuri.
Hapa nilipouliza, picha ilipokwisha,
kitu kipya kilikuwa kipi,
roboti? injini? yale majua mawili?
Bi Somoe Nangumbi, anayeingia bure
kwa kuwa Dadi anadaiwa vitumbua vya wiki mbili,
alinitazama kama mtu aliyelala katikati ya sinema:
"Ule mfereji mle ndani. Hukuuona?
Kaugusa tu, maji hayo."

Nikaongeza ukurasa.

Katika daftari la hesabu la Tabia Chikopa, darasa la sita,
kuna Newala ya miaka mia tatu ijayo.
Bati zilezile, mikorosho ileile, mbwa yuleyule wa mwalimu.
Ila wanawake wana shingo ndefu,
ndefu mno, zimenyooka kama mabua ya mtama,
maana hakuna aliyekumbuka kuzitwisha ndoo.
Mwalimu kampa tano kwa kumi:
"Hukuchora siku zijazo."

Na Ntandi, mchongaji, ana umri wangu.
Nilimwonyesha kinyago chake mwenyewe cha macho matatu,
mpingo bado unanuka moto wa msasa,
nikauliza kama huyu ni kiumbe wa sayari nyingine.
"Huyu anakaa nyuma ya choo chetu," alisema.
"Wa sayari nyingine ni mnunuzi."
(Safu gani hiyo? Niliiweka chini ya "Mengineyo,"
na sasa "Mengineyo" ina kurasa arobaini.)

Usiku wa mwisho umeme ulikatika dakika ya hamsini na moja,
gesi ya mkoa huuhuu ikiwa njiani
kwenda kuzungusha feni niliyosomea chini yake.
Hakuna aliyenyanyuka.
Giza tupu, joto la miili, mtoto ananyonya mahali fulani,
na Dadi, bila picha, bila maikrofoni, akaendelea,
ila sasa sauti imepata mwendo mwingine:

Mlango ukafunguka, hewa ikatoka kali,
wakaingia wageni, na kiu ya toka mbali,
wakamkuta mtoto, kashika kata na swali:
"Mna chombo gani ninyi?"

Hapo akakohoa. Vumbi, au kina kilimpotea.
Nilikuwa na safu nne: picha, sauti, maandishi, uchongaji.
Nikapapasa kalamu.

Kutoka benchi la nyuma mtu akajibu,
kwa uchovu wa mtu aliyeulizwa hivyo asubuhi kwenye foleni:
"Dumu. Lita ishirini.
Lina ufa, lakini nimeliziba kwa sabuni."

Niliandika gizani, mistari ikapandana.
Nimemtumia msimamizi ukurasa ule kama ulivyo.
Bado hajajibu.